KUFUFUA GARI LA ZAMANI: ANZA NA HATI, KISHA SPANA

Mtu akipita nyuma ya garaji za Gitega, au akisimama kando ya barabara itokayo Muyinga kwenda mpakani Kobero, haoni malori ya Dar es Salaam peke yake. Huona pia magari ya zamani yaliyopandishwa juu ya mawe: Land Cruiser isiyo na milango, Peugeot 504 iliyoota majani ndani ya boneti, pikipiki ambayo kuku wameifanya kitanda chao. Wapita njia husema hivyo ni vyuma chakavu. Lakini mfanyakazi mwenye ufundi mikononi huvitazama kwa jicho jingine. Hujiuliza: hili likipata injini na breki, je, haliwezi kubeba kahawa yetu? Haliwezi kupeleka ndizi na maharage ya wenzetu sokoni?

Swali hilo ni zuri. Mshahara wa kiwandani na wa shambani haununui gari jipya, na gari la zamani lililoundwa kwa chuma kizito laweza kufanya kazi miaka mingi tena. Ila tumeona yafaa tuzungumze juu ya upande mmoja wa kazi hii ambao wengi huuacha hadi mwisho, nao ni kuliandikisha gari hilo ili liruhusiwe kutembea barabarani. Gari la zamani hufufuka mara mbili: mara ya kwanza mbele ya fundi, mara ya pili mbele ya sheria. Wengi hufaulu mara ya kwanza, wakakwama mara ya pili, na hapo huwa wamekwisha kuzamisha mishahara ya miaka miwili. Ndiyo sababu twasema: anza na hati, kisha spana.

KWETU NA KWA WENGINE

Huko Ulaya watu wengi hufufua magari ya zamani kwa mapenzi tu. Shirikisho la kimataifa la magari hayo, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, husema kwamba gari la kihistoria ni lile lenye umri usiopungua miaka 30, lililotunzwa katika hali yake ya asili, na ambalo halitumiki kwa safari za kila siku. Ubelgiji huyapa magari ya namna hiyo namba zinazoanza na herufi O. Ujerumani, tangu mwaka 1997, huweka herufi H mwishoni mwa namba zao.

Sisi hatufufui gari liwe pambo la Jumapili. Tunalifufua lifanye kazi, libebe mizigo na lilete senti nyumbani. Kwa hiyo tusingoje mlango wa pekee kwa sababu gari letu ni mzee. Gari la kazi lenye miaka 40 lina uzito ule ule, mwendo ule ule, na hatari ile ile kwa mtoto avukaye barabara, kama gari lililotoka kiwandani jana. Tulipeleke ofisini tukiwa tayari kujibu maswali yale yale wanayoulizwa wengine.

MASWALI MATATU

Katika Burundi, Ofisi ya Mapato, OBR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ndiyo inayotoa namba za magari pamoja na ile hati ambayo wengi wetu twaiita karti rozi. Makaratasi ni mengi, lakini ukiyachunguza utaona kwamba yote hujibu maswali matatu tu. La kwanza: hili ni gari gani? La pili: ni mali ya nani? La tatu: je, ni salama barabarani? Mwenye kujibu yote matatu kwa ushahidi hana la kuogopa. Mwenye kujibu mawili tu hana gari, ana chuma kilichopakwa rangi.

GARI GANI: NAMBA YA SHASI

Gari hutambuliwa kwa namba iliyogongwa na kiwanda kwenye shasi yake. Hiyo ndiyo alama yake ya kidole. Rangi hubadilika, injini hubadilika, hata viti na milango hubadilika, lakini namba ya shasi haina budi kubaki.

Basi kabla ya kulipa hata faranga moja, itafuteni namba hiyo. Katika Land Cruiser za zamani, zile za mtindo wa 40, hugongwa kwenye chuma cha shasi upande wa kulia mbele, mahali panaposhika matope na kutu. Ondoeni kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, polepole. Msitumie mashine ya kusaga chuma, kwa maana dakika moja ya mashine hiyo yaweza kufuta namba iliyodumu miaka 40, na gari lisilo na namba huonekana kama gari la wizi hata kama mlilinunua kwa haki. Namba ikionekana, wekeni karatasi nyembamba juu yake na kusugua kwa penseli hadi tarakimu zijitokeze. Ihifadhini karatasi hiyo, kisha pigeni picha ya kile kibati cha kiwanda chenye jina la gari na mwaka wake.

Kuna jambo moja linalowatatiza wengi. Namba za shasi zenye tarakimu na herufi 17 zilianza kuenea tangu mwaka 1981. Katika namba hizo hamna kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kabla ya hapo huwa na namba fupi. Karani akiona namba fupi aweza kudhani imekatwa. Msijaribu kuongeza sifuri mbele ili ifike 17, wala msimwombe fundi aigonge upya. Mwonyesheni karani kibati cha kiwanda na mwaka wa gari, mwelezeni kwa upole kwamba ndivyo yalivyokuwa magari ya wakati ule, na mwombeni aandike namba kama ilivyo.

Je, tukibadilisha injini? Injini hufa, na kuibadilisha si kosa. La muhimu ni kuweka risiti ya ile injini nyingine na kutangaza namba yake mpya, ili hati na chuma visitofautiane. Hatari iko kwingine: kuchukua mbele ya gari moja na nyuma ya jingine na kuziunganisha kwa moto. Gari la namna hiyo ni lipi kati ya hayo mawili? Uingereza, kwa miaka mingi, ililijibu swali hilo kwa hesabu ya pointi. Gari lililojengwa upya lilipaswa kupata pointi 8 ili lihifadhi namba zake za zamani. Shasi ya asili ilipewa pointi 5, springi na vifaa vyake 2, akseli 2, gia 2, usukani 2, na injini pointi 1 tu. Hesabu hiyo si sheria ya kwetu, lakini ina fundisho: shasi ndiyo gari. Anayenunua shasi yenye namba safi amenunua gari, na anayenunua injini nzuri juu ya shasi isiyojulikana amenunua injini.

MALI YA NANI: MNYORORO WA WENYE GARI

Swali la pili ndilo linalouma zaidi katika nchi yetu. Gari la miaka 40 limepita mikono mingi, na kila lilipopita palipaswa kuwa na karatasi. Karatasi hizo ni mnyororo, na pete moja ikikosekana, mnyororo wote umekatika.

Sote twajua kwa nini pete hizo zimekosekana. Mwaka 1972 watu wengi waliuawa na wengine wengi wakakimbilia Tanzania na kwingineko. Tangu Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, ndugu zetu waliuawa na kukimbia tena, na mapatano ya amani ya Arusha hayakutiwa sahihi hadi Agosti 2000. Walioondoka waliacha nyumba, mashamba, na baadhi yao waliacha magari. Serikali ilipounda mwaka 2006 tume ya kushughulikia ardhi, jina lake lilitaja pia mali nyingine, kwa sababu haikuwa ardhi peke yake iliyopotea.

Kwa hiyo ukikuta gari limelala uani kwa mtu miaka 30, usiulize bei kwanza. Uliza: lilifikaje hapa? Karti rozi ya zamani ina jina la nani? Kama mwenye jina amefariki, warithi wake ni nani, na wote wamekubali kuuza? Kaka mmoja akiuza huku dada zake watatu hawajui, mnunuzi amenunua kesi. Kama mwenye jina alikimbia, yawezekana yu hai, au wanawe wapo. Mfanyakazi asijenge riziki yake juu ya machozi ya mtu mwingine, na hata asiyejali machozi akumbuke kwamba siku moja mwenye mali aweza kurudi akiwa na karatasi mkononi.

Mapatano ya kuuza yaandikwe. Yataje namba ya shasi, majina kamili ya muuzaji na mnunuzi, bei na tarehe. Yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, kisha yathibitishwe na mwenye mamlaka ya kuthibitisha. Neno la mdomo na kushikana mikono ni heshima kati ya watu, lakini havisomeki ofisini.

Kwa wenzetu wa Muyinga kuna jambo la ziada, yaani mpaka. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na wengine hudhani kwamba gari lililonunuliwa Ngara laweza kuingia kama mtu anavyovuka kwenda kumsalimu shangazi yake. Sivyo. Gari lililotoka nje lazima liwe na karatasi za ushuru wa forodha. Kama muuzaji hana karatasi hizo, deni la ushuru halikufa kwa sababu gari limezeeka. Linasubiri tu mtu wa kulilipa, na mtu huyo ni yule atakayeenda kuliandikisha.

TUKINUNUA KWA UMOJA

Tuchukue mfano. Wafanyakazi sita wa kiwanda cha kahawa wamechanga, kila mmoja fungu moja kila mwezi, ili wafufue gari dogo la mizigo. Mmoja wao ni makanika, naye hatoi fedha, hutoa kazi. Gari likikamilika, karti rozi huandikwa jina la nani? Mara nyingi huandikwa la yule aliyekuwa na nafasi ya kwenda ofisini. Miaka miwili baadaye huyo akifariki, warithi wake huonyesha karti rozi na kusema: gari ni la baba yetu. Wale watano wana nini mkononi? Hawana kitu.

Basi kabla ya kuchanga, andikeni mapatano ya kikundi. Yaseme nani ametoa nini, kazi ya makanika ina thamani ya mafungu mangapi, hati itakuwa kwa jina la nani na kwa niaba ya nani, faida itagawanywa vipi, na mtu akitaka kutoka atalipwaje. Sahihi za wote ziwepo, na kila mmoja awe na nakala yake. Hii haina maana kwamba hatuaminiani. Ndugu hugombana kwa sababu ya jambo ambalo halikusemwa, na karatasi husema wakati wenyewe tumekwisha kusahau.

JE, NI SALAMA?

Swali la tatu hujibiwa kwenye ukaguzi wa gari, ule tunaouita kontrole tekiniki. Tusiuone ukaguzi kama adui. Wanaopanda nyuma ya gari hilo ni watu wetu wenyewe.

Breki ndizo za kwanza. Magari mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Katika magari ya baadaye njia ziligawanywa mbili, ili moja ikifa nyingine isimamishe gari. Kwa hiyo kwenye gari la zamani badilisheni mipira yote ya breki hata kama inaonekana mizima, na mafuta ya breki yawe mapya, kwa maana hunyonya maji na kuyatia mabomba kutu kwa ndani. Mwenye kushuka milima ya kwetu na mzigo bila kufanya hivyo anacheza na roho za watu.

Hapa tuna onyo kwa mafundi. Viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Usipulize vumbi la ngoma ya breki kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kisha kitupe kitambaa hicho kikiwa kimefungwa vizuri. Sendika hupigania afya ya mfanyakazi kiwandani, na mfanyakazi asiipoteze garajini siku ya mapumziko.

Matairi nayo yana umri. Tazameni ubavuni: tangu mwaka 2000 matairi huandikwa tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye tarakimu tatu tu ni la karne iliyopita, hata kama meno yake bado ni marefu. Msilinunue. Kisha angalieni taa, honi, usukani usiocheza, vioo, na mikanda ya viti. Gari la zamani halikuja na mikanda? Itieni. Haiharibu uzee wake.

Jambo moja la mwisho hapa: gari lisiloandikishwa msilijaribu barabarani, hata kwa umbali wa kilomita moja. Lijaribuni ndani ya uwanja. Kulipeleka kwenye ukaguzi, ombeni kwanza kibali, au libebwe juu ya lori.

BIMA

Bima ya madhara yanayowapata wengine, ambayo wengi huiita asiransi, ni lazima kwa sheria. Lakini kupata karatasi ya bima hakutoshi. Mwelezeni mwenye bima ukweli wa matumizi ya gari. Likiwa na bima ya gari la nyumbani nalo linabeba abiria wa kulipa, siku ya ajali kampuni yaweza kukataa, na familia ya aliyeumia haitapata kitu. Hapo watakaodaiwa ni nyinyi, kwa mishahara yenu na mashamba yenu.

Wanaokusudia kuvuka Kobero waombe pia ile Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania, ingawa ilitoka katika COMESA mwaka 2000, huipokea kadi hiyo. Wakumbuke vilevile kwamba ng'ambo ya mpaka gari hupita upande wa kushoto, na kwamba alama ya Burundi kwa magari ya kimataifa ni RU, herufi zilizobaki tangu zama za jina la Urundi.

HATUA KWA HATUA

Kwa ufupi, ndugu, fuateni utaratibu huu:

1. Tafuteni namba ya shasi na kuilinganisha na hati iliyopo. Zikitofautiana, simameni hapo.
2. Mjueni mwenye mali wa kweli, na warithi wote kama amefariki.
3. Ulizeni OBR kama gari lina deni la ushuru au la kodi, na ni karatasi gani zinazohitajika sasa. Ombeni mwandikiwe.
4. Andikeni mapatano ya kuuza, na ya kikundi kama mko wengi.
5. Ndipo mlipe, na ndipo spana ianze kazi. Kila kipuri kiwe na risiti.
6. Pelekeni gari kwenye ukaguzi.
7. Chukueni bima, karti rozi na namba. Anayeandikwa kwenye hati awe na namba yake ya mlipa kodi, NIF.

Kwa kuwa mikoa ya nchi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, kwa sheria ya mwaka 2023 iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza, na Karuzi imeingia Gitega. Hati za zamani bado zina majina ya mikoa ya zamani. Hilo peke yake haliharibu hati, lakini ulizeni mapema ni ofisi ipi inayopokea faili lenu kabla ya kupoteza siku ya kazi na nauli. Na popote mtakapolipa, daini risiti. Fedha iliyolipwa bila risiti haikulipwa.

Ndugu wafanyakazi, tunajua kwamba haya yote yanachosha. Ni rahisi zaidi kushika spana kuliko kusimama kwenye foleni. Lakini siku askari wa barabarani atakapolisimamisha gari lenu kwenye kona ya Karuzi, na nyinyi mkampa hati zote bila mkono kutetemeka, mtajua kwamba jasho lenu limekuwa mali yenu. Fundi hulipa gari miguu, na hati hulipa njia ya kupita. Tuvitafute vyote viwili, na tuanze na kile tunachokiona kigumu.